Kumchagulia Mgeni wa Bahari Mahali pa Kuvulia

Walimu wenzangu wawili, waliohamia pwani kutoka bara, wameniuliza ni mahali gani penye salama ambapo mtu asiyeizoea bahari aweza kuvua samaki kwa chombo kidogo. Ningeweza kuwajibu kwa maneno machache, walakini naona afadhali niwaeleze jinsi mimi mwenyewe nilivyojifunza, ijapokuwa habari hii hainipi sifa. Huenda ikamfaa baba mmoja mwenye nyumba, au mama aombwaye na mwanawe ruhusa ya kwenda pwani siku za likizo.

Mimi nalizaliwa milimani, Usambara. Huko maji tuliyoyajua ni ya mito, na mto una njia moja tu: watoka juu, waenda chini, nao haurudi. Mtoto wa milimani akiujua mto leo, ataujua na kesho. Nalipoletwa Tanga kufundisha, nalidhani bahari ni mto mkubwa usio na ng'ambo. Sikujua ya kuwa mahali pale pale pawezapo kukupokea kwa upole asubuhi hii, paweza kukuchukua asubuhi ya wiki ijayo, hali macho yako hayaoni tofauti yo yote.

Mwaka wangu wa pili hapa, mtu mmoja aliyekuwa akihama mji aliniuzia kayaki ya plastiki, pamoja na kafi lake lenye mabapa mawili na jaketi moja la kuokoa maisha. Wasomaji wa bara huenda hawajakiona chombo hiki. Asili yake ni kwa watu wa nchi za baridi kali za kaskazini, kama vile Greenland, ambao zamani walikiunda kwa mifupa au miti, wakakivika ngozi za sili, wakavulia. Ni chombo chembamba cha mtu mmoja, chepesi kubeba, nacho huketi chini sana majini. Nalikifurahia mno. Watoto wa shule wakakizunguka, nami nikajiona kuwa mvuvi tayari, kabla sijalowa hata kifundo cha mguu.

Mwezi wa Juni shule zilipofungwa, mpwa wangu alikuja kunitembelea. Umri wake ni miaka 16. Baba yake amekwisha kufariki, na mama yake, dada yangu, hana mtoto mwingine wa kiume. Aliponikabidhi aliniambia neno moja tu, “Kaka, mtazame.” Mtoto mwenyewe alijua kuogelea kidogo, kama waogeleavyo watoto katika mabwawa ya mto.

Nalikuwa nimesikia watu wakiwasifu samaki wa Ras Kazone, pale ghuba ya Tanga ifungukapo kuelekea bahari kuu. Basi nikasema moyoni, Penye samaki ndipo pa kuvulia. Sikuuliza neno jingine kwa mtu ye yote. Ilikuwa siku ya mwezi mpevu. Twalifika pwani saa kumi na mbili, kumepambazuka tu, na maji yalikuwa yametulia kama maji ya bakuli. Umande, yaani ule upepo wa alfajiri utokao bara, ulivuma taratibu migongoni mwetu. Naliona ni baraka. Nikamvika mtoto jaketi, nikampa jiwe lililofungwa kamba liwe nanga yake, nikamwonyesha mashua moja iliyotia nanga mbele kidogo, nikamwambia asiipite. Nami nikaketi juu ya mwamba nikikata chambo.

Baada ya kitambo akavua changu mmoja, akamwinua juu nipate kumwona. Nikampigia makofi. Nikainama tena kukata chambo. Nalipoinua macho mara ya pili, mashua ile ilikuwa iko pale pale, na mtoto alikuwa mbali upande wa pili, mdogo kama ndege akaaye juu ya maji.

Kamba niliyompa ilikuwa fupi, na jiwe halikufika chini. Yeye, akiwa ameushika mshipi wake na akili yake iko kwa samaki, hakujua kwamba anakwenda. Alipojua akashika kafi, akaanza kuvuta. Naliona maji yakiruka kulia na kushoto, walakini chombo hakikukaribia. Nalipiga kelele nikamwita kwa jina, naye baadaye aliniambia ya kuwa alinisikia vema, kwa kuwa upepo ulichukua sauti yangu mpaka kwake. Yeye naye alinijibu kwa nguvu zake zote, walakini upepo huo huo uliizuia sauti yake, nami sikusikia kitu. Ndugu zangu, ukimya ule siusahau.

Nalikimbia pwani mpaka mahali wavuvi wapandishapo vyombo vyao. Nalimkuta mzee mmoja na mwanawe, ndiyo kwanza wamerudi kutoka uvuvi wa usiku, wakishusha nyavu. Hata kumwamkia nalisahau. Nalinyosha kidole tu. Mzee hakuniuliza kitu. Alitazama nilipoonyesha, akamwambia mwanawe neno moja, wakaisukuma ngalawa yao majini tena, watu waliokesha usiku kucha bila usingizi.

Walirudi yapata saa tatu. Wakati huo kusi ilikuwa imekwisha kuamka, na nje ya rasi mawimbi yalikuwa meupe. Mpwa wangu aliketi katika ngalawa akitetemeka, na kayaki ilikokotwa nyuma, changu wake mmoja angali amefungwa ndani yake. Nalimkumbatia mtoto mbele ya watu wote, wala sikuona haya.

Nalipokwisha kumshukuru yule mzee, naye alikataa kupokea fedha, akanivuta kando, mtoto asisikie, akaniambia, “Mwalimu, mjukuu wangu huyu ana akili. Hakuruka majini apate kuogelea. Alikaa katika chombo chake akangoja. Walakini nataka kukuuliza wewe. Leo asubuhi, kabla hujamtia majini, ulitazama nini?”

Nikamjibu, “Mzee wangu, nalitazama penye samaki.”

Akasema, “Samaki hutazamwa mwisho. Kwanza hutazamwa njia ya kurudi.”

Nami nakiri kwamba yote niliyojifunza baadaye yamo katika neno hilo. Wahenga husema, Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mgeni afikapo pwani huuliza, Wako wapi samaki? Naye hujibiwa kweli, kwa kuwa samaki wengi wako katika milango ya ghuba, na kandokando ya miamba, na penye mikondo, ambapo chakula chao hupita. Walakini mahali hapo ndipo maji yaendapo mbio. Imempasa mgeni aulize swali jingine: Mkono wangu ukichoka, au kafi langu likivunjika, maji na upepo vitanipeleka wapi? Kama jibu ni, Vitakutupa juu ya mchanga huu, basi mahali pale ni pema, hata kama samaki wake ni wadogo. Kama jibu ni, Vitakupeleka nje, basi mahali pale si pako, hata kama samaki wake ni kama ng'ombe.

Yule mzee aliniita nije kwake mara kadhaa, nasi twalitembea pwani pamoja. Kwanza alinieleza kosa langu. Wavuvi wa ngalawa hutoka na umande alfajiri, hurudi na upepo wa bahari mchana. Ndiyo desturi yao tangu zamani, nayo ni ya akili, kwa kuwa ngalawa ina tanga. Kayaki haina tanga. Nguvu yake ni mikono ya mtu mmoja, na mgeni huenda yapata kilomita 4 au 5 kwa saa kabla hajachoka. Basi mimi, nilipoona wavuvi wakitoka na umande, nalidhani umande ni rafiki wa wote. Tena umande hudanganya macho: kwa kuwa watoka nchi kavu, maji ya karibu na pwani hulala, wala hayaonyeshi wimbi. Mtu husema, Leo bahari ni shwari, naye hajui ya kuwa kadiri aendavyo mbali na nchi ndivyo upepo umshikavyo. Kumbe upepo ulio rafiki wa mgeni ni ule mwembamba utokao baharini, umpigao usoni atokapo, na kumsukuma mgongoni arudipo.

Pili alinieleza habari za maji kujaa na kupwa. Haya nalikuwa nikiyafundisha darasani kwa chaki, jinsi mwezi na jua vivutavyo bahari, walakini sikuwahi kuyaweka pamoja na saa ya kwenda kuvua. Katika pwani yetu maji hujaa mara 2 na kupwa mara 2 kila siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Siku ya mwezi mwandamo na siku ya mwezi mpevu maji hujaa yapata saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa yapata saa nne. Siku hizo na zile zifuatazo ndiyo bamvua, maji makuu, na bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Wakati wa kupwa, maji hayaondoki kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza huondoka polepole, kisha huongeza mwendo, na katika saa ya tatu na ya nne karibu nusu ya maji yote huondoka. Sasa, msomaji, fanya hesabu pamoja nami. Maji yalijaa saa kumi alfajiri. Mimi nalimtia mtoto majini baada ya saa kumi na mbili, katika mlango wa ghuba, siku ya bamvua, na umande mgongoni. Kama ningalitafuta kwa makusudi saa na mahali pa kumpoteza, nisingalipata pabaya kuliko pale.

Walakini siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka. Bahari hupanda na kushuka kidogo, na mikondo hulegea. Tena katika siku hizo maji hujaa yapata saa nne au saa tano asubuhi. Basi mtu aingiaye majini saa moja au saa mbili, maji yanaingia pamoja naye, nayo humrudisha nchi kavu badala ya kumtoa. Ndizo siku alizonichagulia mzee, nami nazishika mpaka leo. Asiyejua umri wa mwezi na autazame usiku, au aulize wavuvi. Na mwenye kupata jedwali la maji la bandari na alisome. Walakini jedwali halijui upepo.

Tatu, mahali penyewe. Mzee alinipeleka upande wa ndani wa ghuba, mbali na mlango wake, nyuma ya mikoko, wakati maji yamekupwa kabisa. Akaniambia, “Mahali pa kuvulia hutazamwa pakiwa patupu, kama vile nyumba ya kupanga hutazamwa kabla ya kuweka vyombo.” Twalitembea pale ambapo baada ya saa chache pangekuwa bahari. Nikaona kila kitu: hapa mchanga mgumu, hapa majani ya bahari walapo tasi, hapa mwamba mkali uwezao kukata miguu, hapa tope liwezalo kumshika mtu hata magotini. Ndipo nikafahamu kwamba mahali pazuri pa kuondokea huenda pakawa pabaya pa kurudia, maji yakishuka. Siku za bamvua maji hukimbia mbali sana katika pwani zilizo bapa, na mwenye chombo hubaki katikati ya tope, hawezi kuvuta kafi wala kutembea. Basi chagua pwani ya mchanga iwezayo kukupokea maji yakiwa mengi na yakiwa machache, tena pasipopigwa na mawimbi yavunjikayo.

Nne, akatupa kumbi la nazi majini maji yalipoanza kuingia, akaniambia nitembee pwani sambamba nalo. Kumbi likienda polepole kuliko mzee mwenye mkongojo, mgeni aweza kuingia. Likikulazimisha kupanua hatua, kaa nchi kavu. Hili ni jambo la dakika 10, wala halina gharama, nami nimelifanya kila mara tangu siku ile. Fanya hivyo upande huu na upande huu, kwa kuwa mkondo hujificha. Huenda pwani umelala, na hatua 100 mbele unakimbia.

Tano, alinionyesha kina. Alisema mgeni asiende mahali ambapo kamba ya nanga haifiki chini na kubaki nyingine nyingi ya ziada. Nanga si jiwe tu. Ni jiwe na kamba ndefu. Kamba iliyosimama wima hunyanyua jiwe, na kamba iliyolala huling'ang'aniza chini. Mahali penye kina cha kimo cha mtu mmoja au wawili panamtosha mwanafunzi.

Sita, aliniuliza, “Nani atakuona?” Mahali pa mgeni sharti pawe na macho ya watu. Pale aliponichagulia, kina mama hutanda uduvi kwa nguo maji yakiwa madogo, na watoto hutafuta kaa. Akasema, mahali ambapo kina mama wa pwani huwaacha watoto wao wacheze, hapo pamekwisha kupimwa tangu zamani kwa kipimo kilicho bora kuliko vyote. Na mahali ambapo wenyeji hawaendi, ijapokuwa ni pazuri kwa macho, usiwe wa kwanza kwenda, uliza sababu. Hapana budi iko.

Tena yako mahali pa kuepuka kabisa. Njia ya meli ziingiazo bandarini si mahali pa kuvulia, kwa kuwa meli haiwezi kusimama kwa ajili yako, na nahodha aliye juu hakioni chombo kilicho chini namna ile. Milango ya mito nayo ni ya hatari, kama ule wa Pangani, ambapo maji ya mto hukutana na mawimbi ya bahari na kupigana nayo. Na nje ya miamba, panapovunjika mawimbi meupe, hapo ni pa wenyewe. Tena, tangu mwaka 2009 pwani yetu, kutoka Pangani hata upande wa Tanga, imo katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyopewa jina la samaki yule wa kale ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Hifadhi ina sheria zake, na vijiji vina kamati zao za kusimamia uvuvi. Mkristo asiingie kuvua kama mwizi. Aende kwa wakubwa wa mahali, aulize ni wapi paruhusiwapo, naye atapata ruhusa na shauri jema pamoja.

Mwisho, majira. Mahali pamoja hapafai mwaka mzima. Kusi huvuma tangu mwezi wa Aprili au Mei hata Septemba, kaskazi tangu Desemba hata Machi, na katikati pepo hubadilika-badilika. Ghuba iliyofungwa upande wa kusi huenda imefunguliwa upande wa kaskazi. Kwa hiyo mahali palipokupokea mwezi wa Julai pajaribu upya mwezi wa Januari, kama kwamba hujapata kupaona. Na katika majira yote, ondoka mapema, urudi kabla upepo wa mchana haujapata nguvu. Jaketi livaliwe mwilini, lisiwekwe chomboni. Simu itiwe katika mfuko usioingia maji. Na mtu wa nyumbani ajue umekwenda wapi, na utarudi saa ngapi.

Ndugu zangu, nalikaa na mambo haya moyoni siku nyingi, nikasoma tena habari za safari ya Mtume Paulo katika sura ya 27 ya Matendo ya Mitume. Mnakumbuka ya kuwa chombo chao kilikuwa kimefika mahali paitwapo Bandari Nzuri, na Paulo aliwaonya wasiondoke, kwa kuwa majira yamepita. Walakini mkubwa wa askari aliwasikiliza nahodha na mwenye merikebu, na wengi waliona mahali pale hapafai kukaa wakati wa baridi. Kisha upepo mwororo ukaanza kuvuma kutoka kusini, nao wakadhani wamepata walichotaka. Haukupita muda, tufani ikawashika. Kwa miaka mingi nalikuwa nimeisoma sura ile kama habari ya dhoruba. Sasa naona mwanzo wake ni ule upepo mwororo, kwa maana ndio uliowatoa bandarini. Na mimi nalitolewa na umande.

Wako watu wetu wasemao, Mungu atatulinda, kisha wakaingia majini bila kuuliza. Nami nalisali asubuhi ile, tena nalisali vizuri. Walakini Bwana wetu alipoambiwa ajitupe kutoka juu ya hekalu, hakukubali kumjaribu Mungu kwa namna hiyo. Kusali na kuuliza hazigombani. Huenda jibu la sala yangu lilikuwa limeketi pwani hatua 300 kutoka kwangu, likishusha nyavu, nami sikutaka kulikaribia kwa kuwa naliona haya kuitwa mjinga wa bara. Mzee yule si wa dini yetu, ni Mwislamu, na siku ile alikuwa amekesha. Habari ya Msamaria mwema nalikuwa nimeifundisha darasani zaidi ya mara 10. Siku ile nikaijua kutoka upande wa mtu aliyelala njiani.

Liko jambo moja lililobaki, nalo ndilo lililokuwa zito kuliko yote. Nalikaa siku 3 bila kumpigia dada yangu simu. Mtoto alisema, “Mjomba, tusimwambie mama, ataogopa.” Nami nalitaka sana kumkubalia. Nalishika simu, nikaiweka. Siku ya nne nikaona kwamba nikimfundisha mtoto kuficha, nitakuwa nimempoteza mara ya pili, na mara hii kwa mkono wangu mwenyewe. Basi nikampigia, nikamweleza yote, jinsi nilivyochagua mahali kwa tamaa, na jinsi nilivyokuwa nimeinama wakati mwanawe akichukuliwa na maji. Dada yangu alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, “Amekula?” Nikasema amekula. Akasema, “Basi, usimrudishe kwangu akiwa na hofu ya bahari. Mrudishe akiwa na akili ya bahari.” Hakuongeza neno.

Basi tukangoja. Mwezi ulipofika nusu, na maji kuwa mafu, twalikwenda wote wawili pale alipotuonyesha mzee. Mtoto hakukimbilia majini. Alisimama muda mrefu, akatupa kumbi, akatembea nalo. Akachota mchanga mkavu akaumwaga polepole aone upepo, akatazama saa, akatazama mikoko jinsi maji yanavyoipanda. Kisha akaniuliza mimi, mjomba wake, maswali yale yale sita, mmoja mmoja, mpaka nikacheka. Alipoingia, nalisimama majini hata kifuani, wala sikuinama kwa sababu yo yote.

Twalipata tasi 4 na chaa wachache, samaki wadogo ambao mvuvi wa kweli asingewasimulia mtu. Twalipeleka tasi 2 walio wakubwa nyumbani kwa mzee, naye alimpokea mtoto kwa furaha, akamwuliza, “Mjukuu wangu, ulivulia wapi?” Mtoto akamtajia mahali. Mzee akaitika kwa kichwa, akamwuliza tena, “Na maji yalikuwa yakienda wapi?” Mtoto akajibu pasipo kufikiri, “Nyumbani, babu.”

Basi walimu wenzangu mlioniuliza, hayo ndiyo majibu yangu. Nami nawaomba, kabla ya kununua mishipi na ndoana, nendeni kwanza pwani mikono mitupu, mkamwamkie mzee aliyeketi karibu na chombo chake, mkamwulize. Kuuliza si ujinga. Bwana awalinde ninyi na watoto mliokabidhiwa. Wasalaam.

Ni mimi ndugu yenu,
Mwalimu wa shule, Tanga.